Dodoma tusikimbilie mafuta ya haradali, chetu ni mbegu ya figiri na mgagani

Kila mafuta ya kula yakipanda bei haikosi mtu hapa Dodoma wa kuuliza kwa nini tusilime haradali kama Wahindi. Mbegu ndogo, inakomaa haraka, haitaki mvua nyingi, unakamua mafuta, mashudu unalishia ng'ombe, hesabu imeisha. Na hoja yenyewe si ya kuidharau maana nchi bado inaagiza mafuta kibao ya mawese toka nje wakati sisi wa kanda ya kati, Dodoma na Singida, ndo tunasifiwa kila siku kwamba ni watu wa alizeti. Ila mi naona tunatafuta pasipo. Utafiti wa haradali duniani ni mkubwa mno, wa miaka mingi, na una faida kwetu kabisa, lakini faida hiyo haiko kwenye pipa la mafuta. Iko kwenye majani tunayokula kila siku kama figiri na mgagani, na zaidi iko kwenye mbegu ya hayo majani, na kwa hilo Dodoma hii hii kame tunayoilalamikia ina nafasi ambayo sehemu nyingi za kijani hazina.

Tumalizane na mafuta kwanza. Mafuta ya haradali ya asili yana asidi inaitwa eruki, kwa aina nyingi za zamani hiyo asidi peke yake inazidi asilimia 40 ya mafuta yote. Panya wa maabara walipolishwa kwa wingi walijaa mafuta kwenye misuli ya moyo, ndo maana Marekani mafuta ya haradali ya kukamua hayaruhusiwi kuuzwa kama chakula, na wakati huohuo Wahindi na Wabangladeshi wanayapikia samaki vizazi na vizazi na ukiwaambia habari za panya wanakuangalia tu. Huo ugomvi siuingii. Ninachotaka tukione ni kwamba Wakanada walipotaka zao la jamii hii litoe mafuta ya kula ya kawaida ilibidi wachague mbegu kwa miaka mingi, watafiti wawili Baldur Stefansson na Keith Downey ndo wanatajwa sana, mpaka mwaka 1974 ikatoka aina inaitwa Tower yenye eruki kidogo na pia yenye ule ukali mdogo kwenye mashudu, maana mashudu yenye ukali mwingi yanasumbua tezi za shingo za mifugo. Huko ndo ilikotoka kanola. Hawakuokota mbegu dukani wakarusha shambani.

Sisi tayari tuna alizeti, mashine za kukamua ziko mpaka vijijini, mkulima anaijua, mnunuzi anaijua. Kuanza upya na zao ambalo mafuta yake yana maswali, mbegu yake bora iko kwa wenyewe, na kiwanda chake hakipo, ni kutafuta matatizo. Na historia ya kuleta zao la mafuta kwa pupa kwenye udongo huu tunayo mlangoni. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta na mabuldoza wanataka karanga, kwao mafuta yalikuwa adimu baada ya vita, wakafyeka pori bila kuelewa vizuri mvua yetu wala ule udongo unaokauka ukawa mgumu mpaka karanga hazing'oki, na kufika mwanzoni mwa 1951 mradi ukafungwa na pauni kama milioni 36 zimepotea. Hela walikuwa nazo, mashine walikuwa nazo. Walichoruka ni hatua ya kujaribu kidogo kidogo kabla ya kulima eneo kubwa.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Wengi haradali tunaijua kwa ile chembe inayotajwa kanisani na msikitini, au ile ya njano ya kwenye chupa ya kupaka kwenye soseji, lakini ukweli ni kwamba tunaila karibu kila siku bila kuiita hivyo. Nenda soko la Majengo asubuhi usimame mbele ya meza ya mama mboga yeyote. Ile kabichi, ile sukuma wiki, na kama ana wateja wenye hela kidogo utakuta koliflawa na brokoli, vyote hivyo ni mmea wa aina moja, Brassica oleracea, watu tu ndo waliuchagua huku na huku kwa karne nyingi mpaka ukawa na sura tofauti. Chainizi pembeni yake ni ndugu mwingine, Brassica rapa. Na figiri, yale majani yenye ukali fulani unaopanda puani ukitafuna mabichi, ndo haradali yenyewe, jina la figiri sokoni linabeba aina mbili, kuna juncea na kuna carinata, hii carinata asili yake ni nyanda za Ethiopia na kule Arusha wanaiita loshuu.

Uhusiano wao ulikuja kuelezwa vizuri mwaka 1935 na Woo Jang-choon, mtafiti mwenye asili ya Korea aliyezaliwa Japani, kwenye maandishi ya kisayansi anaitwa Nagaharu U. Yeye alihesabu kromosomu, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba taarifa za urithi. Rapa ina jozi 10, haradali nyeusi ina jozi 8, oleracea ina jozi 9. Halafu juncea ina 18, kanola ina 19, carinata ina 17. Ukikaa na hizo namba dakika moja unaona alichokiona, 10 na 8 ni 18, 10 na 9 ni 19, 8 na 9 ni 17, yaani wale watatu wa pili ni watoto wa wale watatu wa kwanza, walipandana porini au mashambani zamani za kale na mtoto akabeba kromosomu zote za baba na za mama bila kupunguza hata moja. Watafiti wakaita pembetatu ya U na mpaka leo inatumika, jenomu, yaani taarifa zote za urithi za mmea, zilipokuja kusomwa, ya rapa 2011, ya kanola 2014, ya juncea 2016, zikasema kitu kilekile. Wakazipa herufi: A ni ya rapa, B ni ya haradali nyeusi, C ni ya kabichi. Juncea ni AB, carinata ni BC. Hiyo B naomba uishike maana ndo inayofanya niandike haya yote.

Kabla ya hapo kidogo kuhusu ule ukali. Ndani ya jani la haradali kuna kemikali zinaitwa glukosinoleti, zimekaa zimetulia hazina ukali wa maana, na kwenye chembechembe za pembeni kuna kimeng'enya kimefungiwa peke yake. Mdudu aking'ata au wewe ukitafuna, kuta zinavunjika, viwili vinakutana na inazaliwa kemikali kali ndo hiyo inayokupanda puani. Watafiti kwa Kiingereza wanauita mtego huu bomu. Wadudu wengi wakionja wanaondoka, ila kuna mmoja ambaye kila mkulima wa bustani anamjua, nondo mgongo-almasi, kiwavi kidogo cha kijani ukikigusa kinajinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi wake. Huyu ana kimeng'enya tumboni kinachoikata ile glukosinoleti kabla haijakutana na mwenzake, bomu halilipuki. Jambo hili lilithibitishwa 2002. Baya zaidi ile harufu ya haradali iliyokusudiwa kufukuza wadudu yeye ndo inamwonyesha pa kutagia.

Na huyu huyu nondo ndo mdudu wa kwanza wa mazao kuonekana amezoea dawa ya DDT, huko Java mwaka 1953, halafu mwaka 1990 ikaripotiwa Hawaii amezoea hata ile dawa ya kibaiolojia ya Bt shambani, wa kwanza tena. Mdudu mwenye rekodi namna hiyo halafu sisi tunapambana naye kwa kuchanganya dawa tatu kwenye solo moja ya kupulizia. Nimeona bustani pembezoni mwa mji huu chainizi inapigwa dawa leo, keshokutwa iko kwenye fungu sokoni, na ukiuliza siku za kusubiri unaambiwa mteja anataka majani yasiyo na matundu. Mteja ni mimi na wewe. Hapo wa kulaumiwa ni wengi, ila unachofanya hasa ni kuua wadudu wazuri wanaomla huyo kiwavi na kumwacha yeye akizidi kuwa sugu.

Lakini mdudu angalau anaonekana. Ugonjwa unaonisumbua kichwa ni uozo mweusi. Siku moja nimesimama kwenye bustani ya mama mmoja anayemwagilia kwa kisima, kabichi zinapendeza kwa mbali, ukiinama ndo unaona. Ukingoni mwa jani kuna njano iliyoanza kwa upana halafu inaingia ndani ikichongoka, herufi V kabisa, ncha inaelekea mshipa mkubwa wa kati, na vimishipa vidogo ndani ya hiyo njano vimekuwa vyeusi. Tukakata shina la mche mmoja, ndani kuna pete nyeusi. Nikamwambia mama huu ni ugonjwa, akaniambia, "Hilo ni jua tu baba, jioni napiga dawa linaisha." Dawa yenyewe ilikuwa ya wadudu.

Ule ugonjwa ni bakteria, Xanthomonas, na namna anavyoingia ni ya kijanja. Asubuhi na mapema ukiangalia ukingo wa jani la kabichi utaona matone ya maji, mengi siyo umande, ni mmea wenyewe unasukuma maji nje kupitia vitundu vidogo vilivyopangwa ukingoni. Jua likitoka, jani linaanza kuvuta, na lile tone linarudi ndani. Kama bakteria alishatua kwenye tone basi amepata mlango wa moja kwa moja mpaka kwenye mishipa ya maji. Ndo maana doa linaanza ukingoni, ndo maana linafuata mishipa, na ndo maana ukishaliona hakuna dawa ya kupuliza itakayomtoa humo ndani.

Alitokea wapi? Mara nyingi sana alikuja na mbegu. Inakadiriwa mbegu 3 tu zenye ugonjwa kati ya 10,000 zinatosha kuanzisha mlipuko shambani, maana kitaluni miche imebanana, unamwagilia kwa kopo au keni, maji yanaruka toka jani hadi jani, mpaka unahamishia kwenye matuta nusu ya kitalu imeshabeba na bado haijaonyesha dalili. Chuo Kikuu cha Kilimo, SUA, kule Morogoro wameshawahi kuufanyia kazi kwenye kabichi za hapa nchini, kwa hiyo siyo habari ya Ulaya. Kinga zake zinajulikana: mbegu safi, au kuziloweka mbegu za kabichi kwenye maji ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa dakika 25 hadi 30 kisha unazipoza na kuzikausha, na hapa lazima uwe na kipimajoto siyo kidole, ukizidisha unaua mbegu ukipungukiwa bakteria anaoga tu anatoka. Na kuacha eneo lipumzike na jamii hii yote miaka miwili mitatu. Hapo ndo tunapokosea kwa sana, mtu anavuna kabichi anaweka chainizi, anavuna chainizi anaweka figiri, anakwambia nafanya kilimo cha mzunguko. Umezungusha ndugu watatu wa damu. Bakteria hajahama nyumba. Weka vitunguu, weka bamia, weka mahindi, chochote kisicho cha ukoo huu.

Sasa ile B. Watafiti walipopima mamia ya aina za kabichi na ndugu zake dhidi ya mbari, yaani aina ndogo ndogo, za huyu bakteria, waligundua kinga ya maana dhidi ya mbari namba 1 na namba 4, ambazo ndo zimesambaa zaidi duniani, ni adimu sana kwenye kabichi yenyewe lakini inapatikana kwa wingi kwa wale wenye jenomu B: haradali nyeusi, juncea na carinata. Yaani figiri. Siyo kila figiri, lakini ukoo ule ndo una hazina. Watafiti wa mbegu wa nje wanahangaika kuitoa hiyo kinga kwenye carinata kuiingiza kwenye kabichi kwa sababu wote wawili wana ile C, na sisi tuna carinata za kienyeji mashambani kwa bibi zetu, kila eneo na yake, nyingi hazijawahi hata kupimwa. Kituo cha Dunia cha Mboga kilichopo Arusha tangu 1992 kimekusanya mbegu za mboga nyingi za asili, taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, tawi la Tengeru wapo hapohapo jirani, kazi kule imefanyika. Huku kati naona kimya.

Na hapa ndo naona Dodoma inakosa nafasi yake. Bakteria yule anasambazwa na mvua inayorusha matone na umwagiliaji wa juu. Ndo maana kampuni kubwa za mbegu za jamii hii zinapenda kuzalisha sehemu zenye kiangazi kikavu. Sisi tunapata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili, halafu miezi mingi anga ni kavu kabisa, hewa kavu, upepo. Kwa anayelima mahindi hiyo ni adhabu. Kwa anayezalisha mbegu ya figiri ni mazingira ambayo wenzetu wa milimani hawayapati, kwa sababu mvua ikikuta maganda ya mbegu yamekomaa unaleta ukungu na bakteria moja kwa moja kwenye mbegu. Ukimwagilia kwa mifereji au matone toka kisimani, bila maji kugusa majani, unavuna mbegu kavu safi Agosti au Septemba. Maji hayahitajiki mengi hivyo, robo ekari ya mbegu inapandia bustani nyingi sana maana mbegu zenyewe ni punje.

Mtu atauliza kwa nini tusizalishe mbegu ya kabichi basi, ambayo ndo ghali. Kwa sababu kabichi haitoi maua mpaka ikae wiki kadhaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi kama 10, na baridi yetu ya Juni hata ikukatishe kuoga asubuhi haifiki huko. Hili nalo tumelielewa kupitia mmea wa ajabu wa ukoo huuhuu, Arabidopsis, gugu dogo lisiloliwa na mtu, linakua toka mbegu hadi mbegu kwa wiki kama sita, ndo likawa mmea wa kwanza duniani kusomwa jenomu yake yote, Desemba 2000. Kwenye hilo gugu kuna jeni inaitwa FLC inayozuia maua, baridi ya muda mrefu inaizima na mmea unakumbuka kwamba imezimwa hata joto likirudi, Caroline Dean wa John Innes Centre kule Norwich ametumia miaka mingi kwenye swali hilo tu. Kuna watu hapa wanacheka wakisikia mwanasayansi kasomea gugu miaka 30. Mi nawaambia bila lile gugu usingejua kwa nini kabichi yako ya Dodoma haitoi mbegu, na ungeendelea kulaumu udongo. Mwaka 2022 wakalipanda mpaka kwenye vumbi la mwezini lililoletwa na Apollo, likaota, likadumaa, ila likaota. Figiri haina masharti hayo ya baridi, huku kwetu inatoa maua ya njano yenyewe tena wakati mwingine mapema kuliko unavyotaka.

Wa pili kwenye orodha yangu ni mgagani, na huyu ndo nampenda zaidi. Siyo haradali kamili, ni familia ya jirani kabisa, ila ana zile zile glukosinoleti, ndo uchungu wake huo unaofanya watu wamchemshe na maziwa au karanga. Na ukoo mpana wa haradali uko uwanjani kwetu kuliko tunavyodhani, mlonge umo, papai limo, hebu tafuna mbegu ya papai uone ule ukali, hata mswaki ule wa mti wa porini umo. Lakini mgagani ana kitu ambacho hao wengine hawana: anatengeneza chakula kwa njia ileile ya mahindi, mtama na uwele, njia ambayo kwenye joto kali inapoteza maji kidogo kwa kila gramu ya jani. Jenomu yake imechapishwa 2023. Watafiti wanaotaka kuipa mpunga njia hiyo wanamsoma mgagani hasa kwa sababu ni ndugu wa karibu wa lile gugu la Arabidopsis, wanaweka viwili mezani wanalinganisha nini kimebadilika. Na huku kwetu mvua za kwanza zikinyesha anaota mwenyewe pembeni ya zizi kwenye mbolea, akinamama wa Kigogo wanamchuma, mwingine wanamkausha akae na mlenda mpaka kiangazi, na hakuna mtu anayemhesabu kama zao. Mgagani mkavu wa Dodoma una wateja Dar, mi nawajua wanaoagizia ndugu. Mbegu yake bora ipo wapi? Ukienda duka la pembejeo utaonyeshwa kabichi chotara ya makopo, za mgagani labda uulizie.

Najua kuna mtu anasubiri niseme kuhusu GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni. India wanayo haradali yao, DMH-11, ya kina Deepak Pental wa Chuo Kikuu cha Delhi, wameingiza jeni za bakteria, moja inazuia chavua na nyingine inairudisha, lengo ni kupata chotara kirahisi kwa mmea ambao kwa kawaida unajichavusha. Ikapata kibali cha mazingira Oktoba 2022, Julai 2024 majaji wawili wa Mahakama ya Juu wakagawanyika kuhusu kibali hicho. Sisi tulikuwa na yetu, mahindi ya kustahimili ukame yaliyopandwa kwa majaribio Makutupora hapo njia ya Kondoa mwaka 2016, yakaja kusimamishwa Novemba 2018. Watu wakagombana sana, wengine mpaka leo. Mimi naona ugomvi ule ulikula nafasi ya mambo madogo yasiyo na adui. Mbegu ya figiri isiyo na bakteria haihitaji jeni ya kigeni wala mahakama. Inahitaji kitalu kisafi, maji yasiyogusa majani, kipimajoto, na mtu wa kukagua shamba.

Matumizi mengine nayapitia haraka maana mengi ni ya kunogesha stori. Carinata imeshageuzwa kuwa mafuta ya ndege, Oktoba 2012 huko Kanada ndege ndogo ya Falcon 20 iliruka kwa mafuta hayo asilimia 100. Kutumia masalia ya haradali kusafisha udongo hilo ni la maana kwa walima nyanya wenye minyoo fundo ya mizizi, unakatakata mimea mibichi vipande vidogo kabisa, unafukia hapohapo, unamwagilia, unafunika na nailoni, ile kemikali kali inatoka kama gesi inapunguza minyoo, ila ukikata leo ukafukia kesho gesi imeshaondoka. Na moja la tahadhari: juncea inanyonya madini ya risasi na kadimiamu toka kwenye udongo kiasi kwamba kuna wanaoipanda kusafishia maeneo yaliyochafuliwa. Sasa jiulize figiri iliyolimwa kando ya mtaro unaotoka gereji imenyonya nini.

Turudi kwenye mbegu, maana ugumu uko hapo na siyo kwenye sayansi. Kwanza kutenganisha. Chainizi haijichavushi, ina jeni inayokataa chavua yake yenyewe, inategemea nyuki, na nyuki hasomi mipaka ya shamba. Figiri zinajichavusha kwa kiasi kikubwa lakini siyo zote, na juncea ikiwa karibu na chainizi iliyochanua, kwa kuwa wote wawili wana ile A, unaweza kupata vichotara visivyoeleweka. Kwa hiyo mzalishaji lazima aelewane na majirani, na ukimwambia jirani ang'oe chainizi zake zilizochanua atakuuliza unamlipa nini. Pili TOSCI, ile taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, daraja la mbegu za kuazimiwa ubora lipo na mkulima mdogo anaruhusiwa, ila lazima usajili na ukaguzi.

Tatu ndo kubwa, biashara. Figiri ukishampa mtu mbegu nzuri anahifadhi mwenyewe mbegu ya mwaka ujao na inatoka ileile, harudi dukani. Kabichi chotara anarudi kila msimu. Sasa kampuni gani yenye akili itaweka hela yake kwenye mteja asiyerudi? Hakuna, na siwalaumu. Ndo maana naona hii ni kazi ya hela ya umma, TARI na Wakala wa Mbegu, pamoja na Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, ambao wana vijana wa baiolojia wanaotafuta mada za tasnifu, wakusanye figiri na mgagani za Kongwa, Chamwino, Bahi, Kondoa, wazipime kwa uozo mweusi, wachague chache, vikundi vya akinamama wenye visima wazizalishe kiangazi. Siyo hela ya kutisha. Bajeti ya kilimo inajadiliwa hapahapa mjini kila mwaka, na sijasikia mbunge wa kanda hii akisimama kuuliza mbegu ya mgagani imetengewa shilingi ngapi.